Mume Wangu Alimwambia Binti wa Watu Kwamba Nimekufa

"Mke wangu alishafariki," mume wangu alisema.

Mke wake ni mimi.

Nilikuwa nimesimama nje ya mlango, sikio limenata kwenye mbao, mkoba kwapani, viatu mkononi ili nisisikike nikitembea… na nikajihisi nimekufa hivyo hivyo, bila hata kuumwa.

Halafu nikasikia sauti ya mwanamke. Changa. Laini. Sauti ya mtu ambaye magoti yake bado hayalii akiinuka.

"Pole sana," ilisema. "Unamkumbuka?"

Na mume wangu, mwanamume ambaye hakutoa chozi hata siku tunamzika mama yake, akaanza kulia.

Kwa mwanamke mwingine!

Ngojeni kwanza. Msikimbilie kwenye maoni kuniandikia "pole bibi, achana naye." Kaeni mtulie. Naandika kwa kidole kimoja na miwani imekatika mkono, kwa hiyo mkiniharakisha nitakosea na mtasoma vibaya.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Shule yangu ni ya msingi tu, ila macho yangu yamesoma sana. Mume wangu alikuwa fundi saa, na watu wote wanamwita Fundi Saa. Hata mimi. Hata chumbani.

Ni mtu mwema. Halewi, hapigi, hakopi. Tatizo lake ni moja… haongei.

Yaani Fundi Saa anaongea kama mtu anayetuma telegramu. Ukimpikia chakula kitamu anasema "kimeiva." Ukivaa nguo mpya anasema "umeshona?" Nilipozaa mtoto wetu wa kwanza, aliingia, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema "wawili sasa."

Na mwaka juzi nilipasuliwa tumbo. Uvimbe. Wakanilaza mezani, wakanifungua kama mto wa pamba. Nilipozinduka, kitu cha kwanza kukiona ni uso wake juu yangu. Nikasubiri neno. Mwanamke akitoka huko anastahili neno.

Akasema, "Umelala sana."

Basi. Hilo ndilo neno. Nililimeza, na kwa muda mrefu halikushuka mpaka tumboni. Shikeni hapo, nitarudi.

Sasa ilianza hivi.

Watu waliacha kuvaa saa, siku hizi wanatazama simu. Fundi Saa akafunga kibanda chake, saa zilizobaki akazileta nyumbani, akazitundika sebule nzima. Hakuna hata mbili zinazokubaliana. Ukimuuliza ni saa ngapi anakwambia "inategemea."

Akawa mtu wa kukaa. Nikifagia, nafagia miguu yake pamoja na sakafu.

Halafu ghafla… Jumatano na Ijumaa mtu ananyoa ndevu.

Anapiga pasi shati mwenyewe. Mimi fundi cherehani, pasi ni mkono wangu wa tatu, na mume wangu anajipigia pasi! Kola imesimama kama imekasirishwa.

Namuuliza anakwenda wapi. Anasema kunyoosha miguu.

Miguu gani inanyooshwa kwa shati la mikono mirefu?

Nikanyamaza. Nikafanya sijali, nikawa nashona huku nimefunga jicho moja tu.

Siku nyingine nikamsikia bafuni. Analia. Ila kilio chenyewe kilikuwa cha ajabu… anaanza, anakatiza, anakohoa, anaanza tena upya kwa sauti ya chini zaidi. Nikagonga. Akasema sabuni imemwingia machoni.

Bomba lilikuwa halijafunguliwa.

Nikajua. Mwanamume wa umri ule analia bafuni kwa sababu mbili tu, jino au mapenzi. Na meno hana mengi.

Nina jirani yangu, tunamwita Redio kwa sababu hazimwi. Akaja na kikombe mkononi, eti ameishiwa sukari. Sukari gani, kikombe kilikuwa na maji. Alikuja kutema alichonacho. Akaniambia amemwona Fundi Saa akiingia kwenye lile jengo la ghorofa nyuma ya maktaba, na kwamba mlango alifunguliwa na binti, na binti alimshika kiwiko.

Nikamuuliza kama huyo binti ni mzuri.

"Shoga," Redio akasema, "wewe ni rafiki yangu, siwezi kukudanganya."

Akanywa maji yake yote kwanza.

"Mzuri."

Wajukuu zangu, nyie mnaujua wivu wa ujana. Ule unawaka puu, unavunja simu ya mtu, unazimika. Huu wa kwetu hauna moshi. Unakaa chini ya jivu unapika taratibu, na chungu kikishaiva hakuna wa kukiepua.

Na tusidanganyane. Kama angekuwa anafuata kiuno, ningecheka na kumwonea huruma mgongo wake. Mimi kilichonichoma ni kile kilio. Ina maana kuna mtu anayepewa machozi yake. Mimi nimefua soksi zake miaka yote hii na sijawahi kupewa hata chozi la kitunguu!

Ijumaa iliyofuata nikamwacha atangulie. Nikajifunga kitambaa kichwani, nikamfuata kwa mbali.

Jengo lilikuwa na ngazi zilizosuguliwa na harufu ya dawa ya sakafu. Ukutani pameandikwa Idara ya Saikolojia. Neno nalijua. Hutangazwa redioni mchezaji akikosa penalti, wanasema yuko vibaya kisaikolojia.

Nikasema sawa. Leo kuna mtu hapa nitamweka vibaya kisaikolojia.

Nikapanda. Ukumbi mrefu, milango inafanana yote, kimya kama cha benki. Na juu ya mlango mmoja tu… taa ndogo nyekundu. Inawaka.

Nyie ni watu wazima. Taa nyekundu. Mlango umefungwa. Mchana. Mlitaka nifikirie nini?

Nikavua viatu, nikabandika sikio.

Hapo ndipo nilipojisikia nimefariki.

Sasa msikilizeni alichoendelea kusema huko ndani, kwa kilio cha chinichini ambacho nilishakisikia kikifanyiwa mazoezi bafuni.

"Asubuhi natoa vikombe viwili," alisema. "Halafu nakumbuka. Narudisha kimoja."

Binti hakusema kitu.

"Alikuwa anaimba akishona. Anaimba vibaya. Lakini nyumba ilikuwa na mtu. Sasa nasikia saa tu, kila moja na yake. Nilikuwa sizisikii. Alikuwa anazifunika."

Nikamsikia akipenga kamasi.

"Akicheka anashika ukuta," mume wangu akasema. "Nilikuwa najichelewesha kurudi, nasimama dirishani kwa nje, nimsikie akicheka na watu. Nikiingia anaacha, anaanza kuniuliza ya nyanya, kama nimezileta."

Sikujua niangukie wapi. Moyo mmoja ulitaka kuyeyuka. Moyo wa pili, ule wa fundi cherehani, ulikuwa umeshashika mkasi.

Maana maneno yale ni yangu! Yametengenezwa kwa kipimo changu, halafu anavalishwa binti wa watu!

Nikausukuma mlango.

Ndani kulikuwa na viti viwili vimepishana kidogo, kingine kitupu pembeni, meza ndogo yenye boksi la tishu, na saa ya ukutani iliyokuwa sahihi, kwa hiyo nikajua si kazi ya mume wangu. Upande mmoja wa ukuta wote ulikuwa kioo. Kioo kikubwa, cha kujitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

Nikajiuliza watu wawili katika chumba chenye taa nyekundu wanatafuta nini na kioo kikubwa namna ile. Ila kwa kuwa kilikuwa pale, na mtu hawezi kugombana akiwa hovyo, nikakisogelea. Nikakaza kitambaa. Nikatazama meno, nikachokoa punje ya mahindi kwa ukucha. Nikavaa viatu. Nikageuka.

"Mimi ndiye marehemu," nikasema.

Fundi Saa alikuwa ameshika tishu puani, amegandia hapo hapo. Angekuwa saa ningesema betri imekwisha.

Binti naye, wallahi Redio hakudanganya. Mzuri. Na hakuinuka, hakupiga kelele, hakujitetea. Alivuta pumzi moja, akanigeukia.

"Karibu mama," akasema. "Kiti kile hakina mtu."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuchukua mume."

"Nasikia una hasira."

"Unasikia? Ghorofa nzima wanasikia."

Akaitikia kwa kichwa. "Na chini ya hasira kuna nini?"

Nilikuwa na jibu, tena la kumnyamazisha mpaka kesho. Lakini yeye alishanyamaza tayari. Akanitazama tu. Hakunitazama kwa dharau, wala kwa huruma ya kuninunua. Alikuwa kama mtu aliyebandika maji jikoni na hana haraka yachemke.

Nikasubiri aongee ili nimkatize.

Haongei.

Jamani, kimya kile! Mnajua mtu akikushikilia mlango wazi, mwishowe unapita hata kama hukuwa na safari? Ndivyo ilivyokuwa. Nikajikuta nimekaa. Nikajikuta naongea. Nikamwambia ya pasi, ya sabuni, ya Redio na kikombe chake. Nikamwambia ya kupasuliwa na "umelala sana." Kila nikidhani nimemaliza, yeye anatulia tu kidogo zaidi, na kumbe chini ya pale kuna lingine.

La mwisho kabisa sikulijua kama lipo mpaka lilipotoka.

"Naogopa," nikasema. "Naogopa ameshaniaga, na mimi mwenyewe sijaondoka."

Fundi Saa akashusha tishu.

Na hapo hapo… kioo kikagonga.

Ndiyo. Kioo. Ko ko ko, kutoka ndani yake. Nikashika mkoba kifuani.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamume mnene mwenye sauti ya upole kuliko mwili wake. Akamwambia binti, "Tusimame hapo, umefanya vizuri." Akanigeukia, akajitambulisha kuwa ni mkufunzi, mwanasaikolojia, na huyo binti ni mwanafunzi wake, na kwamba nimeingia katikati ya mtihani.

"Mtihani wa nini, wa kuiba waume?"

Akaniomba nimfuate. Akanizungusha mlango wa pili, chumba chenye giza… na kumbe ukuta wa chumba hicho ni kile kioo! Kwa upande ule ni dirisha. Mbele yake wamepangwa wanafunzi darasa zima, kalamu mkononi, na ng'ambo ya dirisha nikamwona mume wangu amekaa kama samaki kwenye tangi la kioo.

Wote wakanigeukia. Msichana wa mbele alikuwa ameuma midomo asicheke.

Nikakumbuka punje ya mahindi.

Mkufunzi akanieleza vizuri, kwa subira. Anayejifunza meno huanza na meno ya plastiki, akasema, lakini binadamu wa plastiki mwenye huzuni hajatengenezwa. Na mtu mwenye maumivu ya kweli hafai kuwa wa kujifunzia. Kwa hiyo wanatafuta watu wazima wa kuaminika waje kuketi kama wateja, waigize shida, walie kama wanaweza, na wanafunzi wajifunze kusikiliza. Taa nyekundu maana yake kuna mazungumzo ndani, usiingie. Na hao wateja wa kuigiza wanaapishwa wasiseme popote, maana hadithi ikivuja mtaani wanafunzi watakuja na majibu mfukoni.

Nikamwelewa. Na nikaelewa pia kwa nini Fundi Saa hakuniambia. Angeniambia mimi asubuhi, mchana Redio angekuwa anairusha hewani.

Nilicheka! Nilicheka mpaka nikashika ukuta… halafu nikauona mkono wangu ulipo, juu ya ukuta, nikauondoa.

Furaha ikanijaa. Hakuna mwanamke! Hakuna kitu! Nikamtania mkufunzi, nikamuuliza wana roho gani wao, hadithi zote za duniani, wakaona wampe mzee wa watu ya kuniua mimi.

Mkufunzi hakucheka.

"Mama," akasema, "hadithi hiyo hatukumpa sisi."

Nikamtazama.

"Tulimwambia aigize mtu aliyestaafu, anayekosa usingizi. Basi. Habari ya kufiwa na mke alikuja nayo mwenyewe, siku ya kwanza. Ikawa na uzito, tukamwachia." Akavua miwani akaifuta. "Kusema kweli, mimi nilikuwa najua ni mgane. Nilikuwa napanga kumwita pembeni, nimuulize kama anahitaji msaada wa kweli."

Kicheko changu kikaanguka chini, nikakisikia.

Nikatazama dirishani. Fundi Saa alikuwa anasugua kioo cha saa yake ya mkononi kwa kidole gumba, anasugua, anasugua.

Ameniua mwenyewe. Kwa akili yake. Hakuna aliyemtuma.

Tulirudi nyumbani hatusemezani. Yeye mbele, mimi nyuma, na wivu katikati yetu kama mtoto anayeshikwa mikono pande zote. Sasa mnisaidie, nilikuwa namwonea wivu nani? Binti nimeshamsamehe, ana mtihani wake. Nilikuwa namwonea wivu Marehemu!

Msicheke. Huyo mwanamke anapendwa. Anasimamiwa dirishani. Anatolewa kikombe. Kuimba kwake vibaya kumekuwa muziki. Mimi niliye hai, ninayeuliza ya nyanya, nimeambulia "kimeiva."

Tulipofika sebuleni hata sikuvua kitambaa.

"Nani alikutuma uniue?"

Akakaa. Akachukua saa moja mezani, akaanza kuifungua mgongo kwa bisibisi.

Nikamwambia aiache saa. Nikamuuliza kama Marehemu anamfulia soksi. Kama Marehemu ndiye anayemkanda mgongo baridi ikija. Nikamwambia kama anamtaka sana amfuate huko aliko, mimi nitabaki na nyumba na makelele ya saa zake. Niliongea kwa muda mrefu na nilikuwa naongea vizuri sana, mkiniuliza.

Akasema, "Kwako hayasemeki."

"Kwa nini hayasemeki? Mimi nina nini? Mimi ndiye mwenyewe! Binti wa watu humjui, mimi unanijua, mimi nime…"

"Nikifika katikati," akasema taratibu, macho kwenye saa, "wewe umeshafika mwisho."

Nikafungua mdomo nimjibu.

Nikausikia mdomo wangu ukifunguka. Ulikuwa umeshabeba sentensi tatu.

Nikaufunga.

Nikamkumbuka yule binti na kiti chake. Alimsaidia nini mume wangu? Hakumpa ushauri. Hakumwambia "jikaze." Wala hakumalizia maneno yake. Alimbandikia tu maji, akasubiri.

Mimi nikijaribu kusubiri usoni kwake, Fundi Saa anaona ninavyohangaika, anacheka au anakimbilia bisibisi. Tumezoeana mno. Kwa hiyo nikafanya ujinga ninaouweza mimi.

Nikajilaza kwenye kochi, nikanyoosha miguu, nikachukua shuka niliyokuwa naipinda upindo, nikajifunika mpaka usoni.

"Haya," nikasema chini ya shuka. "Nimekufa. Marehemu hakatizi. Sema."

Akaniambia niache mzaha huo.

Sikujibu.

Akaniita jina langu, lile la ujana.

Sikujibu. Ilinigharimu, lakini sikujibu.

Nikasikia bisibisi ikiwekwa mezani. Kisha saa za ukutani. Ka, ka, kaka, ka. Alisema kweli, sikuwahi kuzisikia. Kumbe nyumba yangu ina makelele namna hii nikinyamaza.

Kiti kikavutwa karibu na kichwa changu.

"Mwaka juzi," akasema. Akaacha. Nikasubiri. "Mwaka juzi nilikaa kwenye lile benchi la nje ya chumba cha upasuaji. Walisema haitachukua muda. Ikachukua. Nikatazama saa yangu, nikadhani imeharibika. Mimi. Nikadhani saa yangu imeharibika."

Nikauma shuka.

"Mlango ukafunguliwa. Wakatoka wanasukuma kitanda. Mtu amefunikwa shuka, mpaka usoni. Manesi hawakunitazama. Nikajua ni wewe."

Niko hapa nimejifunika mpaka usoni, mjinga mimi! Nilitaka kuiondoa. Lakini alikuwa hajafika mwisho.

"Sikuwafuata. Miguu ilikataa. Nikabaki pale na mkoba wako magotini. Nikaanza kufikiri nani atatoa vikombe. Nikafikiri nitakwenda nyumbani na nitafungua mlango na hakuna mtu atakayeniuliza ya nyanya. Nikapanga na nguo ya kukuzikia. Ile uliyoshona ukasema rangi imekukataa. Haikukukataa. Nilitaka kukwambia siku ile, ukawa umeshaivua."

Saa. Ka, ka, kaka.

"Halafu nesi mwingine akatoka, akaniita. Mke wako amemaliza, njoo. Kumbe yule alikuwa wa mtu mwingine. Nikaingia. Ukafungua macho."

Alikuwa analia, na safari hii hakukatiza wala kukohoa wala kuanza upya.

"Nilikuwa na maneno mengi, mama watoto. Yalikuja yote kwa pamoja. Likapita moja."

Umelala sana.

Wajukuu zangu, lile neno nililolimeza mwaka juzi likashuka. Nililisikia likishuka lote, mpaka chini.

Akaendelea. Alisema tangu siku ile hakuwa amerudi vizuri kutoka kwenye benchi. Usiku ananisikiliza kama napumua. Hakumwambia mtu, maana ataambiwa analilia nini wakati mke wake mzima, anakula na kugombana. Walipomtafuta kwa kazi ile ya kuigiza, wakamwambia "jifanye umestaafu, huna usingizi," akakaa kwenye kile kiti, binti akanyamaza… na benchi likaja lenyewe. Hakuwa ameigiza hata siku moja. Bafuni hakuwa anajifunza kulia. Alikuwa anajifunza kuacha.

Akamaliza.

Nami sikusema kitu. Kwa mara ya kwanza katika ndoa hii, sikuwa na la kusema kabla yake wala baada yake.

Mkono wake ukaja, ukashika upindo wa shuka, ukaishusha polepole mpaka kidevuni.

"Haya amka," akasema. "Umelala sana."

Nikaamka.

Basi ndiyo hivyo. Redio nimemwambia mume wangu anajifunza kompyuta, mmuache hivyo hivyo.

Binti wa watu amefaulu. Mkufunzi aliniambia kusoma vitabu vya akili za watu wengi wanaweza, na kujua dawa ya wivu ni ipi wapo wanaojua, lakini wanafunzi wengi huanguka kwenye kile kimya. Hawawezi kukikalia. Nikamwambia sishangai, kuna watu wameanguka mtihani huo nyumbani kwao tangu wana kiuno.

Fundi Saa naye sasa anakwenda kwa mwanasaikolojia wa kweli, mzee mwenzake, bila kioo wala wanafunzi. Wanachozungumza siulizi. Nikishikwa na hamu ya kuuliza, nashona.

Na somo lenyewe ni hili, mlibandike kwenye ukurasa wenu kama mnataka. Mimi niliona wivu nikatafuta mwanamke ana nini ambacho mimi sina. Sura? Miguu? Sauti? Kumbe alikuwa na masikio matupu, hajayajaza majibu. Ukiona mtu wako anapeleka maneno yake kwingine, kabla hujavua viatu ukamfuata, hebu jisikilize kwanza mdomo wako. Huenda alibisha hodi kwako muda mrefu, wewe ukawa unaongea.

Halafu kuna kingine kidogo.

Mkufunzi aliniita tena. Anasema wanahitaji mteja wa kuigiza mke mwenye wivu, na kwamba hajawahi kuona kipaji kama kile. Nikamuuliza nitajifunzia wapi. Akasema mama, wewe njoo tu.

Kwa hiyo Jumatano ninakwenda mimi. Wamenipa kijana wa kiume, mtanashati, msikilizaji mzuri, ana kope ndefu. Sisemi nini tunaongea, nimeapishwa.

Juzi tulipomaliza nikafungua mlango ghafla. Fundi Saa alikuwa pale nje, chini ya taa nyekundu, viatu mkononi.

Sikio lake lilikuwa na alama ya mbao.

"Ulikuwa unacheka," akasema. "Ulikuwa unacheka nini?"

Nikamtazama.

Nikanyamaza.